Kipimo Kabla ya Sauti

Wachache huihesabu kuwa sanaa kazi ya kuoanisha sabufa na amplifaya ndani ya gari. Lakini hapa Manundu, katika mji huu wa Korogwe ambao reli ya Tanga iliufikia mwaka 1902 na ambao hata leo haukauki mabasi yaendayo Moshi na Arusha, yupo fundi mtu mzima aifanyaye kwa taadhima ile ile waliyokuwa nayo maseremala wa milango ya nakshi.

Kijana amleteapo sabufa mpya, boksi lake limeandikwa wati 2,000 kwa herufi za dhahabu, mzee hutabasamu na kusema, "Mwanangu, hizo ni wati za boksi, nitafutie za kudumu." Kisha hutwaa mita yake, akazigusisha ncha zake kwenye koili, akangoja namba itulie. Koili ya omu 4 aghalabu husoma pungufu kidogo, kama tatu na nusu, naye alijua hilo zamani. Koili mbili za omu 4 zikiunganishwa sambamba huzaa omu 2, zikiunganishwa kwa mfululizo huzaa 8. Na amplifaya iliyoundwa kustahimili omu 2, ikitwishwa omu 1, hupata moto, ikajizima ikiwa na bahati, ama ikaungua. Misingi ya hesabu hii aliitangaza Mjerumani Georg Ohm mwaka 1827, nayo haijapata kumwonea haya mwenye haraka.

Lakini nikipendacho zaidi ni mkono wake juu ya kile kitufe kidogo cha amplifaya ambacho wengi hudhani ni cha kuongezea sauti. Hukishusha hadi mwisho, huifungua redio kufikia robo tatu, kisha kwa bisibisi nyembamba hukipandisha nukta kwa nukta, shingo ameiinamisha, macho ameyafumba. Na pale sauti inapoanza kukwaruza, hali masikio yetu sisi wengine hayajatambua neno, hukirudisha nyuma kidogo, akaiweka bisibisi chini. Mkwaruzo huo ndio uchomao koili, hata kama amplifaya ni ndogo, kwa kuwa amplifaya iliyolazimishwa kupita uwezo wake huyakata mawimbi vichwa na kumwaga joto pasipo muziki.

Mkoa huu wa Tanga si mgeni wa sauti nzito. Ni huku Black Star Musical Club walikoliingiza gitaa la besi katika taarabu, na huku Jamhuri Jazz walikotikisa kumbi. Na aliyewasikiliza kwa makini anajua ya kuwa besi njema huubeba wimbo, wala haiufuniki.

Laiti hilo lingekumbukwa! Leo amplifaya ya wati 500, ambayo yaweza kuivuta betri ya volti 12 ampea 50 na zaidi, hufungwa kwa waya mwembamba wa spika. Fyuzi, ambayo dhamana yake ni kukaa karibu kabisa na betri ili waya ukigusa bodi usiliteketeze gari, hurukwa, au ikikatika huzibwa kwa kipande cha shaba. Spika zilizoungua hutupwa, zikanunuliwa nyingine, na lawama hupewa kiwanda. Mzee hana mwanafunzi. Wenye magari humpita, kwa kuwa kwake kazi huchukua asubuhi nzima, na kwingineko huchukua nusu saa.