Maya Deren na Ufunguo Kinywani

Mwaka 1943, katika nyumba ya kawaida mjini Los Angeles, Maya Deren na mumewe Alexander Hammid walipiga filamu ya dakika 14 hivi kwa kamera ya milimita 16. Studio hawakuwa nayo, wala jeshi la mafundi. Hata sauti haikuwamo. Muziki wa Teiji Ito uliongezwa mwaka 1959.

Filamu hiyo, Meshes of the Afternoon, haisimuliki kirahisi. Mwanamke anarudi nyumbani, anasinzia kitini, kisha ndoto inamwonyesha yeye mwenyewe akiingia tena na tena, hadi wenye sura yake wanafika watatu, mezani pamoja. Ufunguo unatoka kinywani, unageuka kisu. Barabarani anapita mtu aliyejitanda nguo nyeusi. Mahali pa uso pana kioo.

Utamu wa kazi hii uko kwenye uhariri. Mmoja wa wale watatu anainuka na kisu kumwendea aliyelala, na hatua zake zinakanyaga mchanga wa pwani, nyasi, njia ya waenda kwa miguu, mwishowe zulia. Safari ya kuifikia nafsi inavuka dunia nzima bila mtambo wowote wa ajabu, kwa kukata na kuunga mkanda tu! Hollywood, iliyokuwa jirani na yenye fedha tele, ilikuwa bado ikishughulika na taa za kupendezesha nyuso za wanawake.

Mwaka 1946 Deren alikodi ukumbi wa Provincetown Playhouse, New York, akaonyesha filamu zake mwenyewe. Mwaka huohuo akapata ufadhili wa Wakfu wa Guggenheim.