Waya Huulizwa

Gerezani, Dar es Salaam, huuza magari vipande vipande. Mlango huu taa, ule bampa, wa tatu vioo vya pembeni vilivyoning'inizwa kama mikungu ya ndizi. Fundi umeme niliyemfuata hana duka. Anafanyia kazi uchochoroni nyuma ya maduka hayo, chini ya turubai la bluu, na mtaji wake wote unaenea kwenye sanduku moja la mbao: mita ya kupimia umeme, bisibisi za kila kimo, spana, koleo, chuma cha kuchomelea, waya wa risasi, tepu za aina mbili, na vifuniko kumi vya makopo ya rangi ambavyo sikuelewa kazi yake mpaka baadaye.

Nilimpelekea Toyota IST ya mwaka 2004 pamoja na boksi jipya. Ndani ya boksi kulikuwa na kompyuta kamili, yenye prosesa, kumbukumbu, nafasi ya kuhifadhia mafaili na mfumo wa Android, yote yamebebwa mgongoni mwa skrini ya kugusa ya inchi 7. Ilikuwa ichukue nafasi ya redio iliyokuja na gari, ambayo miaka yote niliyokaa nayo haikujifunza Kiswahili. Maandishi yake yalikuwa ya Kijapani na masikio yake pia: redio za magari ya Japani za enzi hizo hushika FM kuanzia 76 hadi 90, ilhali stesheni zetu zimetawanyika kati ya 87.5 na 108. Nilikuwa nasikia zile chache zinazoangukia chini ya 90. Nyingine zote zilinipita.

Nilidhani ataanza kwa kufungua. Akaanza kwa kuwasha. Taa ndogo, taa kubwa, indiketa, honi, waipa, kiyoyozi, vioo vya madirisha. Akaipeleka sauti ya redio kushoto, kulia, mbele, nyuma, akiinamisha sikio kwenye kila spika. Kijana wake akawa anaandika kwenye daftari la shule: spika ya nyuma kushoto inakwaruza; taa ya swichi ya kiyoyozi haiwaki. Alipomaliza akanionyesha ukurasa.

"Kaka, haya nimeyakuta," alisema. "Jioni tusije tukabishana."

Kisha akafungua boneti, akachukua spana namba 10 na kung'oa kichwa cha hasi cha betri. Hasi hutoka kwanza na kurudi mwisho, kwa kuwa bodi zima la gari ni hasi. Spana ikikuteleza ukiwa unafungua chanya na kugusa bati, utaona cheche. Baada ya hapo akakaa kwenye ndoo, akasubiri. Toyota hutaka sekunde 90 angalau zipite tangu betri ikatwe kabla ya mtu kufanya kazi karibu na mifuko ya hewa, kwa sababu mfumo wake hubaki na umeme wa akiba unaoweza kuilipua. Plagi zake zimepakwa rangi ya njano ili zisichanganywe na nyingine. "Ukiona plagi ya njano huko ndani," alimwambia kijana, "mkono uwe mfukoni."

Plastiki ya dashibodi iliyokaa juani miaka 20 haivutwi, hubembelezwa. Alibandika tepu ya karatasi kwenye kingo zote za jirani, kisha akaingiza kibanzi cha plastiki laini kwenye ufa, si bisibisi, maana chuma huacha kovu. Alisukuma kidogo, akahama sentimita chache, akasukuma tena. Klipu ya kwanza ililia "tak". Hakuifuata kwa pupa. Alikuwa akihesabu: fremu ile ina klipu kadhaa, na inayokatika ni ile ambayo mtu hakuitarajia. Fremu ilipoachia, akaishusha taratibu kama mtu anayetoa mkate kwenye bati, na mkono wa pili tayari ulikuwa nyuma yake ukitafuta plagi ya swichi ya hazadi.

Hapo ndipo vifuniko vya rangi vilipotoka sandukuni. Boliti nne zilizoishika redio ziliingia kifuniko cha kwanza. Skrubu za mbavu zake, cha pili. Klipu, cha tatu. Vikapangwa chini ya kiti kwa mpangilio ule ule wa kutoka, ili kurudi kwavyo kuwe ni kuusoma mstari huo kinyumenyume. Kila mwenye gari anajua utani wa fundi anayemaliza kazi akabaki na boliti za ziada mkononi. Fundi huyu hautanii.

Nyuma ya redio kulikuwa na mikono ya mtu mwingine. Kuna aliyewahi kufunga amplifaya na kuing'oa, akaacha nyaya zimesokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu ambayo gundi yake ilikuwa imeyeyuka kama asali iliyochafuka. Nilisubiri asonye. Hakusonya. Alikata viungo hivyo kimoja kimoja, akafuta gundi kwa kitambaa chenye petroli, akaziunganisha upya nyaya za gari kama zilivyotoka kiwandani. Hiyo haikuwa kazi niliyomlipia. Ilimchukua karibu saa nzima.

Toyota za umri ule hupeleka nyaya za redio kwenye plagi mbili: moja ya pini 10, nyingine ya pini 6. Ukiuliza mitaani utaambiwa rangi zake kama sala: bluu yenye mstari wa njano ni umeme wa kudumu, kijivu ni umeme wa ufunguo, kahawia ni ethi, kijani ni wa taa. Fundi anazijua zote kwa moyo, na haziamini. Gari limepita mikono mingi, anasema, na rangi ni maneno tu, waya huulizwa. Akairudisha betri kwa muda, akashika ncha mbili za mita. Bluu yenye njano, ufunguo ukiwa mfukoni mwangu: 12.5. Kijivu: sifuri. "Washa." Kijivu: 12.4. "Zima." Sifuri. Kijani kilibaki kimya mpaka taa ndogo zilipowashwa. Kahawia akaipima dhidi ya bati tupu la gari, na mita ikatoa mlio mrefu wa kukubali.

Spika haziwezi kuulizwa kwa volti 12. Akatoa betri ndogo ya tochi, ya volti 1.5, na kuzigusisha ncha zake kwenye nyaya za waridi na zambarau. Spika ya mbele kushoto ikafanya "puf", sauti ndogo kama ya mtu anayepuliza mshumaa. Alikuwa ameifungua kava ya mlango ili aione ngozi yake: ikiruka kwenda nje, waya uliogusa chanya ni chanya, ikinywea ndani, umegeuka. Spika mbili zikifungwa kinyume, moja husukuma hewa wakati mwenzake anaivuta, na besi hufia katikati ya gari. Wengi huishi na kosa hilo wakalaumu redio. Alizigusa zote nne, na ile ya nyuma kushoto iliyokwaruza akaigusa mara tatu. Ngozi yake ilikuwa imepasuka. Kijana akaongeza mstari daftarini.

Kuunganisha hakufanyiki garini. Alinunua jirani jozi ya plagi zinazoingia kwenye zile za Toyota, akaketi nazo kwenye meza yake ya ubao, na plagi za gari hazikukatwa hata waya mmoja. Upande wa pili kulikuwa na kamba ya kompyuta mpya yenye rangi za ukoo mwingine: humo njano ndiyo umeme wa kudumu, nyekundu ni ufunguo, nyeusi ni ethi. Njano ile ile ambayo asubuhi ilikuwa mwiko kuguswa.

Kila kiungo kilipita njia moja. Kwanza kipande cha mpira mwembamba unaonywea kwa moto huvishwa kwenye waya na kusukumwa mbali; ukisahau hatua hiyo, utaikumbuka umeshachelewa. Ngozi ya waya huchunwa kama upana wa kidole. Nyuzi za shaba hupishanishwa na kusokotwa bila uvimbe. Kisha chuma cha moto huwekwa chini ya kiungo, na risasi huletwa kwa juu. Nilimuuliza kwa nini asiiyeyushe risasi kwenye chuma chenyewe. "Chuma kinapasha waya," alisema bila kuinua macho, "waya ndio uyeyushe risasi." Risasi inayodondoshwa juu ya waya baridi hukaa kama tone la maji kwenye jani la gimbi, haishiki. Inayoyeyushwa na waya huzama kati ya nyuzi na kung'aa. Moshi wenye harufu ya utomvu ukapanda, akapulizia pembeni, akahesabu kimoyomoyo, akavuta kiungo kwa nguvu zake zote. Kisha mpira, kisha kiberiti cha gesi. Viungo kumi na tatu, nilivihesabu. Cha kumi na tatu kilivutwa kwa nguvu ile ile ya cha kwanza.

Waya mmoja wa kompyuta hiyo hukusudiwa handibreki, ili video isionekane mpaka gari limeegeshwa. Njia ya mkato inajulikana: unaufunga kwenye ethi, kompyuta inadanganyika kwamba handibreki imevutwa daima. Nilimwambia abiria wangu wangependa muziki wenye picha. Akanitazama. "Kaka, video ya barabarani mimi siifungi." Akaupeleka waya hadi kwenye swichi ya handibreki yenyewe, akaufunga hapo.

Kamera ya nyuma ilitaka safari ya urefu wa gari zima. Alinyanyua kava za vizingiti vya milango, akaulaza waya pembeni mwa nyaya za kiwandani na kuufunga pamoja nazo kila shubiri, usije ukachezacheza na kusagika. Kwenye mlango wa buti kuna bomba la mpira linalopitisha nyaya kutoka bodini. Hakutoboa tundu jipya. Alinyoosha waya mgumu wa hanga, akaupaka sabuni, akaupenyeza ndani ya bomba kama mtu anayetia utepe kiunoni mwa suruali, na ncha ilipotokeza upande wa pili akaivuta kamera nayo. Umeme wa kamera aliuchukua kwenye taa ya rivasi: gia ikiingia, taa huwaka, kamera hufumbuka, na waya mwembamba huipa kompyuta habari kwamba sasa ionyeshe nyuma.

Kisha ikaja jaribio, dashibodi ikiwa bado wazi. Nembo iliwaka. Akagusa skrini kwa kidole, kisha kwa kofia ya kalamu, na kalamu haikupata jibu. Skrini za namna hii huhisi badiliko dogo la umeme linaloletwa na ngozi ya binadamu. Kofia ya plastiki kwazo si kitu. Wazo la kugusa skrini garini si la jana: Buick ya Marekani iliweka skrini ya kugusa kwenye Riviera mwaka 1986. Akachagua lugha, akabadilisha eneo la redio, na namba zikapita 90 bila kugonga ukuta. Akawasha taa kubwa, skrini ikapunguza mwanga. Akapiga stata mara tano, akiangalia kama kompyuta itazimika pale motori ya stata inapoivuta volti ya betri chini. Haikuzimika.

Nilidhani tumemaliza. Akazima gari, akaondoa tena kichwa cha hasi, akaiweka mita kati yake na betri ili umeme wote unaotoka upite ndani ya mita, akarudi kwenye ndoo yake. Mita ilionyesha mamia ya milliampea. Kompyuta, alinieleza, ikizimwa hailali mara moja, husinzia. Na isipolala kabisa, betri ya saa-ampea 40 inayonyonywa milliampea 500 huisha kwa saa 80, siku tatu na kitu. Mtu hurudi safarini akakuta gari limekufa. Tulikaa. Muuza kahawa akapita, tukanywa. Namba ikaanguka: 140, 60, kisha 24, ikatulia hapo. Kwa 24, hesabu ya karatasini inafika zaidi ya miezi miwili. Akatikisa kichwa kukubali, akamalizia kahawa yake.

Kufunga kulikuwa ni kufungua kukienda kinyume. Kamba ya nyaya aliivika tepu ya kitambaa, kwa kuwa ile ya plastiki hulialia ikisugua dashibodi barabarani, akaikunja kwenye uwazi wa chini ili kompyuta iingie bila kusukumwa. Fremu ikarudi, tak, tak, tak. Akaigonga kwa ngumi kuzunguka kingo zote, akisikiliza.

Redio ya Kijapani aliifunga kwenye boksi la kompyuta, akabandika tepu ya karatasi juu yake: IST, ya kiwandani, nzima. "Ukiuza gari, inarudi palepale, hakuna kilichokatwa," alisema. Kijana akasoma daftari kwa sauti, tukakagua kila mstari. Yaliyokuwa mabovu yalikuwa mabovu bado, na hayakuongezeka.

Mwisho akaviokota vifuniko chini ya kiti, akavigeuza kimoja kimoja juu ya kiganja chake. Vilikuwa vitupu vyote.