Tega Picha

Filamu ya saa mbili, kwa kasi iliyozoeleka ya picha 24 kwa sekunde, ina picha 172,800. Kati ya hizo mtegaji anachagua moja, anaigandisha kwenye simu, na simu inapita mkono kwa mkono. Sisi wapenzi wa filamu wa Kamunyonge, hapa Musoma, tunaucheza mchezo huu kwa sheria za kitendawili: mmoja anatega, wengine wanategua, wakishindwa wanatoa mji. Sifa huwa zinakwenda kwa anayetegua. Mimi zangu nampa mtegaji.

Akitega sura ya stelingi, amejinyima mji mwenyewe. Schwarzenegger na gogo begani, mwanzoni mwa Commando ya mwaka 1985, atatajwa hata na mtoto aliyechungulia kibanda umiza kupitia tundu la turubai. Ile ndege ya milia kama pundamilia nayo haifai: aliyewahi kuona filamu ya Bernhard Grzimek ya mwaka 1959 kuhusu Serengeti, jirani zetu hapa, hata macho hakodoi. Kwa upande mwingine, anayetega ukuta mtupu ni mchoyo tu. Picha nzuri inakunyima jibu ukiitazama mara ya kwanza, na ukiirudia inaanza kulegea.

Na kila mtu analegeza kwa ufundi wake. Fundi cherehani anaanzia kwenye ukosi na upana wa suruali. Atakutajia muongo kabla hajajua nchi. Mvuvi anatazama maji. Mmoja wetu, alipoonyeshwa kipande cha Titanic, alisema bahari ile haina upepo. Tulicheka, ila alikuwa na hoja: sehemu kubwa ya bahari ile ilipigwa kwenye mabwawa yaliyojengwa Rosarito, Mexico.

Picha ninayoihusudu kuliko zote ilitegwa na dada mmoja asiyependa kelele. Majabali matupu, hakuna mtu. Tukaanza kubishana: wengine wakaapa ni Musoma, maana mawe makubwa ya namna ile tunayaona kila siku. Kumbe ni Ramanagara, kule Karnataka, ambako Sholay ya mwaka 1975 ilipigwa. Ukishaambiwa, unaanza kusikia buti za jambazi Gabbar Singh na mkanda wake ukiburuzwa juu ya jabali. Tulipotoa mji, akatutega tena kwa filamu ileile: sarafu kiganjani. Upande mmoja tu ndio unaoonekana, nayo picha haiwezi kugeuzwa. Aliyeiona filamu hadi mwisho anajua upande wa pili ukoje, anajua Jai alikuwa akiirusha kwa nini, na anajua rafiki yake Veeru aliligundua hilo wakati gani. Hapo wakubwa wawili walinyamaza kwanza ndipo wakajibu.

Ugomvi wetu mkubwa ni jibu lipi lihesabiwe. Vijana wanataka jina kama lilivyoandikwa kwenye kava. Waliokulia vibandani, kwenye mikanda iliyopita kinywani mwa wasimuliaji wa filamu kama Lufufu wa Dar es Salaam, au siku hizi DJ Afro wa Kenya, wana filamu nyingi vichwani zisizo na jina kabisa. Zina sauti ya msimuliaji na vituko vyake. Mzee wa aina hiyo atakuambia, "Hapa jambazi yuko nyuma ya mlango, mwanangu, subiri tu," halafu jina limtoroke. Nikiwa mwamuzi, huyo namhesabia ametegua. Jina unaweza kulisoma popote bila kuiona filamu. Kujua kilichotangulia picha hii na kinachoifuata, hilo hulipati ila kwa kukaa kwenye benchi hadi mwisho.

Vijana wanasema nawapendelea wazee. Huenda. Lakini miji bado tunaitoa kwa haki: Dodoma imetolewa mara nyingi mno, Mwanza tunaitoa kwa furaha kabisa, Tarime kwa woga kidogo. Musoma hakuna aliyethubutu kuitoa.