Kitabu cha Kompyuta na Mizani ya Amana

Ndugu msomaji, binti wa dada yangu ameingia chuo kikuu kusomea shahada ya kwanza ya ilmu ya kompyuta. Babake akaniuliza suala ambalo nadhani wazee wengi wa mwambao wanajiuliza kimoyomoyo: "Shemeji, huko watamfundisha nini miaka yote hiyo? Maana kubonyeza amejua tangu mdogo." Sikuwa na jawabu. Binti akaniletea kitabu, akasema, "Mjomba, soma hiki kwanza, kisha umjibu baba."

Kitabu chenyewe ni Structure and Interpretation of Computer Programs, yaani Muundo na Tafsiri ya Programu za Kompyuta. Watungaji wake ni Harold Abelson na Gerald Jay Sussman, wakisaidiwa na Julie Sussman. Kilipigwa chapa mara ya kwanza mwaka 1985, kikatengenezwa upya mwaka 1996, na mwaka 2022 kikatoka kwa sura nyingine kufuata lugha ya JavaScript. Katika chuo cha MIT, huko Marekani, kilisomeshwa wanafunzi wanaoanza kwa zaidi ya miaka 20. Leo chapatikana bure katika intaneti. Kina milango mitano, nami nimeisoma yote, mingine mara mbili kwa uzito wake.

Jambo la kwanza la kusifiwa ni kuwa kitabu hiki hakimfundishi mtoto kubonyeza. Chamfundisha kufikiri kwa utaratibu. Tazama mfano wa mlango wa kwanza: kutafuta kipeuo cha pili cha 2. Kisia 1. Gawa 2 kwa 1, upate 2. Chukua wastani wa 1 na 2, nao ni 1.5. Gawa tena 2 kwa 1.5, upate 1.3333, wastani wake na 1.5 ni 1.4167. Endelea hivyo mpaka tofauti iwe ndogo isiyodhuru. Hapo mwanafunzi hakuambiwa jawabu; ameonyeshwa njia ya kulifikia, na namna ya kuieleza njia hiyo hata chombo kisicho na akili kiifuate. Kufika mlango wa nne aunda mwenyewe mfasiri wa lugha ya kompyuta, na katika wa tano ateremka mpaka kwenye mtambo wenyewe. Anayemaliza hatoki na ufundi wa mashine moja itakayochakaa kesho. Atoka na ufahamu wa mashine zote.

La pili ni lawama ndogo. Watungaji wameandika kama kwamba kila mwanafunzi amekuja na hisabati ya kutosha. Mapema sana wamtaka ajue mambo ambayo skuli zetu nyingi huyapitia mbio mbio. Kijana mwenye msingi dhaifu atajiona mjinga, na huenda si mjinga. Basi mzazi anayetaka mwanawe asome ilmu hii asiulize kwanza bei ya kompyuta. Aulize kwanza mwalimu wa hesabu.

Lawama kubwa ni hii ya tatu. Katika mlango wa tatu wa chapa ya 1996 mna mfano wa watu wawili, Peter na Paul, wenye hesabu moja benki. Ndani mna dola 100. Peter atoa 10, na wakati uo huo Paul atoa 25. Yapasa zibaki 65. Lakini kila upande ukiwa umesoma 100 kabla mwenziwe hajaandika, mmoja ataandika 90, wa pili ataandika 75 juu yake, na 75 ndiyo itakayobaki. Watu wamechukua dola 35, daftari lasema 25. Dola 10 za benki zimepotea, wala hakuna mwizi. Kitabu chaeleza ila hii kwa ustadi mkubwa na chatoa dawa yake. Walakini chaieleza kama fumbo la kuchangamsha akili, kisha chapita. Hakisimami kuuliza: mwenye mali ni nani, na nani atakayejibu?

Ndugu msomaji, si fumbo. Baina ya 1985, mwaka ule ule kitabu kilipotoka, na 1987, mashine ya mionzi ya kutibia saratani iitwayo Therac-25 iliwaunguza wagonjwa 6 huko Marekani na Kanada, na baadhi yao wakafa. Katika mji wa Tyler, Texas, mwaka 1986, mfanyakazi alikosea herufi, akairekebisha upesi. Sehemu moja ya programu ikapata habari, sehemu nyingine isipate. Ni ila ya jamaa moja na ile ya dola 10: kazi mbili zashika kitu kimoja bila kungojana. Kule imepotea pesa, huku umepotea uhai.

Mtu atasema: hiki ni kitabu cha ufundi, mawaidha yana mahali pake. Nami sitaki mawaidha. Nataka mifano yenye watu ndani yake. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyeishi Baghdad katika karne ya tisa, na ambaye jina lake ndilo lililozaa neno algorithimu wanalolitumia wanafunzi hawa kila siku, aliandika kitabu chake cha al-jabr kwa ajili ya mirathi, wasia, biashara na kupima ardhi. Sehemu kubwa yake ni masuala ya wasia. Hakuhubiri, alichagua tu hesabu ambazo ukikosea, yatima apunjwa. Msomaji wake hakuweza kusahau kuwa nyuma ya kila tarakimu yuko mtu. Nasi tunaosoma Suratul-Mutaffifin twajua uzito wa kipimo kilichopunguzwa.

Na leo jambo hili limezidi, kwani ziko mashine zinazomwandikia mwanafunzi programu nzima, naye akaipeleka kwa mwalimu kwa jina lake. Atapata shahada. Lakini siku programu yake itakapokosea hospitalini au benki, atarekebisha nini, naye hakuwahi kuifahamu?

Nilimrudia shemeji nikamwambia: "Watamfundisha kuamrisha chombo kinachotii kila neno, hata lenye makosa. Hilo kitabu chao chalifundisha vizuri. Kwamba kila neno ni amana, hilo limebaki kwetu sisi nyumbani."

Alinyamaza kidogo, kisha akamwita bintiye. "Mwanangu, hiyo kazi ya juzi uliyopeleka chuoni, uliifanya mwenyewe?"

Binti akajibu, "Naam, baba. Na ile niliyokosea pia."

Babake akasema, "Basi soma."