Jamani, Nimekishika Kimondo!

Mkono huu! Huu huu ninaoandikia, ambao hata kuunawa nimeona uchungu, umetoka kushika chuma kilichodondoka kutoka angani. Nimerudi sasa hivi kutoka Mbozi, mkoani Songwe, viatu vimejaa vumbi mpaka kwenye kamba, na kutulia siwezi. Keti nikusimulie. Au usiketi, simama kabisa, maana lazima na wewe uende!

Unashuka njiani kwenye barabara kuu iendayo Tunduma, unadandia bodaboda, mnakatiza mashambani, unatikiswa hasa, halafu kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, bila mbwembwe yoyote, hicho hapo. Kimelala tu! Kinene, cheusi-hudhurungi, kizito cha kutisha, kirefu kama mita 3, na mwili mzima una mashimo mashimo laini, kama mtu kabonyeza unga uliokandwa kwa dole gumba. Mimi akilini nilibeba picha ya jiwe. Jiwe wapi! Ni chuma, yaani sehemu kama tisa kati ya kumi chuma, na nikeli ndani yake.

Nikaweka kiganja. Weee! Ubaridi wa asubuhi ya Mbozi ulipanda mpaka kwenye kiwiko. Nikakigonga kwa kokoto: ngiii, kama kengele ya shule! Nikanusa vidole: harufu ya sarafu zilizoshikwa siku nzima. Kitu cha mbinguni kinanukia kama chenji ya daladala, na bado!

Bado kuna kovu. Wanyiha, wenyeji wa huko, walikuwa nacho siku zote, ila wataalamu walikuja kukijua mwaka 1930, kikiwa kimefukiwa, kichwa tu ndicho kinachungulia. Wakataka kipande kidogo cha kupima. Msumeno wa mkono ulikereza saa 10, saa kumi nzima jamani, kwa kipande cha sentimita kama 10! Baadaye wakachimba kukizunguka, wakaacha udongo chini yake kama kigoda, wakaujengea saruji. Shimo la kuanguka kwake halipo. Kilifika zamani mno, ardhi yenyewe imeshasahau.

Sasa shika moyo. Vimondo vingi vya chuma ni matumbo ya sayari ndogo zilizowahi kuyeyuka, chuma kikazama katikati, kikapoa polepole kupita maelezo, halafu zikagongana zikapasuka. Dunia yetu nayo ina chuma chake katikati, lakini kinaanzia karibu kilomita 2,900 chini ya nyayo zako. Nani atakifikia? Hakuna! Ndiyo maana Oktoba 2023 NASA walirusha chombo cha Psyche kwenda kwenye sayari ndogo ya jina hilohilo, huko kati ya Mirihi na Mshtarii, wakidhani huenda ni kiini kilichobaki uchi. Vipimo vya karibuni vinaashiria kwamba huenda mwamba umo pia, si chuma kitupu, na ubishi huo unanipa raha ajabu. Kitafika 2029. Na kikifika? Kitaizunguka tu, kitapiga picha, kitapima. Hakitatua, hakitagusa!

Miaka karibu sita safarini bila hata kugusa, na mimi nimelaza shavu langu kwenye chuma cha angani kwa nauli ya bodaboda. Ndiyo, shavu. Nililaza, watu wakaniangalia, sikujali.

Nilipotoka, dereva wangu aliuliza mbona nanusa mkono njia nzima ya getini. Nikampa anuse. Akacheka, akasema amekwisha kuleta wageni mpaka hesabu imempotea, yeye mwenyewe hajawahi kuingia. Kisha akanyamaza kidogo, akachomoa ufunguo wa pikipiki, akaingia.