Isukuti Ikipanda Jukwaani

Mwalimu aliyezoea bunkasai, sherehe ya utamaduni ya shule za Japani, akija kufundisha Kakamega ataingia msimu wa tamasha la muziki na matarajio ya kwao. Huko darasa zima hugeuzwa mkahawa, nyumba ya mizimu au ukumbi wa mchezo wa kuigiza. Wanafunzi wenyewe ndio wapangaji, wapishi na wauza tiketi, na wazazi huzunguka chumba hadi chumba. Hapa atakuta basi la shule limebeba kikosi kimoja, ngoma zimefungwa kwenye keria, na wenzao waliobaki wanaendelea na hesabu. Atauliza tamasha liko wapi. Limeondoka na basi.

Mgeni wa namna hiyo si wa kubuniwa. Japani imekuwa ikituma vijana wa kujitolea Kenya tangu 1966, baadhi yao wakiwa walimu wa hisabati na sayansi. Kinachomchanganya ni jinsi tamasha letu lilivyoundwa. Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo mwanzo wake ni 1927, ni mashindano ya ngazi: shule zinachujwa katika kaunti ndogo, kaunti, eneo la Magharibi, kisha taifa. Nyimbo teule za kwaya, mashairi na ngoma za kiasili zote zinapita mbele ya majaji na saa. Kwaya haisumbuki sana na saa, kwa sababu wimbo wake uliandikwa ukiwa na mwanzo na mwisho. Isukuti, ngoma ya kiasili ya huku Kakamega, haikutungwa hivyo, na hapo ndipo kazi ya mkufunzi inapoanzia.

Tuitazame kwanza nyumbani kwake, Isukha na Idakho. Ngoma ni tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na seti hiyo ndiyo iliyoupa mchezo wote jina. Zinasindikizwa na pembe ya mnyama na njuga za chuma. Kiongozi wa wimbo anatupa maneno, wengine wanaitikia, wanaume safu yao na wanawake safu yao, mabega yakitikisika kwa kasi inayomshinda mtu wa ofisini kwa dakika mbili. Inapigwa kwenye arusi, mazishi, tohara, hata wakati fahali anapelekwa uwanjani kupigana na mwenzake. Haianzi hadi watu wafike, na haiishi hadi wachoke. Kiongozi hodari hana maneno ya kukariri. Anaangalia nani ameketi wapi, nani amefiwa, fahali wa nani ameshinda jana, na hayo ndiyo anayoyaimba.

Sasa ichukue hiyo uitie ndani ya dakika chache, juu ya jukwaa lenye upande mmoja wa watazamaji. Uamuzi wa kwanza wa mkufunzi ni kuingia. Barabarani isukuti inakujia, unaisikia kabla ya kuiona; basi vikundi vizuri huanza kupiga nyuma ya pazia au mlangoni, ili ukumbi upate ile hamu ya kusubiri. Wanaojipanga kwanza kimya kisha wakaanza kwa ishara ya mwalimu wamepoteza nusu ya nguvu kabla ya mdundo wa kwanza. Uamuzi wa pili ni safu. Kijijini wachezaji wanatazamana. Jukwaani wakitazamana, majaji wanaona mbavu. Dawa ya kawaida ni kuzipinda safu mbili zifunguke mbele, na ngoma zikae pale safu zinapofungana, ambapo wapigaji wanaonana macho. Ukiwaweka wapigaji pembeni ili wasizibe wachezaji, kama vikundi vingi vinavyofanya, mdundo wa ngoma ndogo unaanza kuchelewa na huwezi kuurudisha.

Kuna jambo la tatu ambalo kijijini halikuwapo kabisa. Baadhi ya shule za sekondari za huku ni za jinsia moja. Kwa desturi wapigaji ni wanaume, lakini shule ya wasichana haina wa kumwazima, kwa hiyo wasichana wanajifunza ngoma kubwa wenyewe. Wazee wengine wananuna. Mimi naona hili ndilo jambo jema zaidi ambalo tamasha limeifanyia isukuti, na halikupangwa na yeyote.

UNESCO iliiandika isukuti mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka: wajuzi wengi wamezeeka, warithi wamepungua, vifaa ni adimu. Hata ngozi ni shida. Ya jadi ni ya kenge, na Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Kwa hali hiyo shule imekuwa kiwanda cha wapigaji wapya, tutake tusitake. Japani nayo, kando ya bunkasai za shuleni, ina tamasha la kitaifa la sekondari lenye kitengo cha sanaa za jadi za mitaa, na linachuja vilevile. Tofauti ni kwamba mtoto wa Japani asiyechaguliwa kwenda taifani bado ana siku yake shuleni. Wa kwetu hana.

Kinachopotea zaidi jukwaani ni yule kiongozi anayeimba kile anachokiona. Maneno yanafanyiwa mazoezi wiki nyingi, na kufikia ngazi ya eneo kila jina limeganda. Ningekuwa mkufunzi ningeacha mistari miwili wazi katikati, kiongozi ataje ukumbi, mvua, au shule iliyotangulia. Ningefanya hivyo kwenye kaunti, ambako watazamaji wanajua lugha za huku, Lwisukha na Lwidakho, na watacheka papo hapo. Taifani, mbele ya jaji asiyejua lugha na anayeangalia saa, ningeiziba nafasi hiyo kwa mlio wa pembe na kuwaacha wachezaji wamalize kwa mabega.