Kilichokuwa ndani ya kifurushi cha xz

Machi 2024, Andres Freund, mmoja wa waandishi wa hifadhidata ya PostgreSQL, alikuwa akipima kasi ya msimbo wake kwenye kompyuta yenye Debian isiyo thabiti (sid). Kazi hiyo inataka mashine iliyotulia, kwa hiyo alianza kuangalia ni nani anayemlia prosesa. Akaikuta sshd, ile programu inayowapokea wanaoingia kwenye kompyuta kutoka mbali, inahangaika na maombi ambayo ilipaswa kuyakataa papo hapo: maroboti ya mtandaoni yanayobahatisha majina ya watumiaji. Akapima. Zamani jibu lilikuja kwa sekunde 0.299. Sasa ni 0.807.

Wengi wetu tungesema seva leo nzito, tukaenda kunywa chai. Yeye aliifuata ile nusu sekunde mpaka ndani ya liblzma, maktaba ya kubana data inayotoka kwenye mradi wa xz. Ijumaa ya Machi 29 akatangaza hadharani kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yametiwa mlango wa nyuma. Tatizo likapewa namba CVE-2024-3094 na alama ya hatari 10 kati ya 10.

Upande wa watu umeshasimuliwa sana, nitaupita mbio. Lasse Collin wa Ufini aliutunza mradi karibu peke yake, bila malipo. Mwaka 2021 akajitokeza mtu aliyejiita Jia Tan, akawa analeta viraka safi, mmoja baada ya mwingine. Mwaka 2022 majina mengine yasiyo na historia yakaanza kumsakama Collin: unachelewa, mpe mwingine. Akampa Jia Tan. Basi.

Ninachotaka tukitazame kwa karibu ni ufundi wenyewe, maana hapo ndipo kuna somo kwa mtu anayeandika programu kila siku.

Tukisema chanzo huria, picha inayotujia ni repo ya Git: unaivuta, unasoma mstari kwa mstari, unaona nani alibadilisha nini na lini. Lakini Debian, Fedora na wenzao hawakuwa wakijenga xz kutoka kwenye repo. Walijenga kutoka kwenye kifurushi cha tar ambacho msimamizi wa mradi hukiandaa na kukitia sahihi kila toleo jipya linapotoka. Na kwa desturi ya Autotools, ndani ya kifurushi huwa kuna faili ambazo repo haina: configure yenye maelfu ya mistari ya shell inayozalishwa na mashine, pamoja na rundo la faili za m4. Tofauti kati ya viwili hivyo ni jambo la kawaida. Mshambuliaji alijificha ndani ya ukawaida huo.

Faili yake iliitwa build-to-host.m4. Jina hilo ni halali kabisa, lipo kwenye gnulib ya mradi wa GNU. Ya xz ilikuwa na mistari michache ya ziada. Mistari hiyo haikutaja faili yoyote ya kutilia shaka. Iliagiza grep itafute, ndani ya msimbo wote, faili yenye alama nne za reli, kisha herufi au tarakimu tano, kisha alama nne tena. Iliyopatikana ni moja tu, kwenye folda ya majaribio: bad-3-corrupt_lzma2.xz, yenye ####Hello#### tumboni mwake. Hapa lazima nikiri kwamba wazo ni la kijanja. Mradi wa kubana data hauna budi kuwa na faili mbovu za kujaribia. Jina linasema mbovu, ukiifungua inakataa, unaridhika. Nani atauliza imeharibikaje?

Iliharibiwa kwa amri moja, na kuponywa kwa hiyo hiyo:

tr "\t \-_" " \t_\-"

Tab inabadilishana na nafasi, kistari kinabadilishana na kistari cha chini. Baada ya hapo faili inafunguka vizuri na kutoa skripti ya bash. Skripti inakwenda kwenye faili ya pili ya majaribio, good-large_compressed.lzma, inatupa baiti 1,024, inachukua 2,048, inatupa tena, inachukua tena. Vipande vinaunganishwa, baiti zinapanguliwa, kinachotoka kinafumbuliwa kwa awk, na mwisho wake ni faili iliyokwisha kukompailiwa ambayo inachomekwa ndani ya liblzma wakati wa ujenzi. tr, head, awk: vyombo vilivyomo katika kila mashine ya kujengea programu. Hakuna kilichopakuliwa kutoka nje.

Tena skripti ilichagua pa kuamkia: Linux ya x86-64, kompaila ya gcc, na pale tu inapojengwa kama kifurushi cha Debian au cha RPM. Mdadisi aliyejijengea nyumbani kwake asingeona kitu.

Swali linalobaki ni sshd ilihusikaje, maana OpenSSH, mradi unaotoa sshd, haina haja na liblzma. Debian na Fedora walikuwa wameitia kiraka ili iiarifu systemd, programu inayosimamia huduma za Linux, kwamba imeshawaka. Kwa kazi hiyo ndogo ikaivuta libsystemd, nayo libsystemd ikaivuta liblzma. Mgeni wa mgeni akaingia chumbani. Humo akatumia IFUNC, utaratibu unaoiruhusu maktaba kuchagua, programu inapopakiwa tu, toleo la funksheni linaloifaa prosesa iliyopo. Kwa sababu hatua hiyo hutangulia mambo mengi, msimbo haramu ulipata nafasi ya kuiteka RSA_public_decrypt ya OpenSSL. Mwenye ufunguo wa siri wa Ed448 aliweza kutuma amri ndani ya cheti, ikatekelezwa kabla ya kuingia. Asiye nao akibisha hodi, seva inamjibu kama kawaida. Ile nusu sekunde ilitokana na msimbo huo kujitafutia njia ndani ya sshd kila inapowaka kumpokea mgeni.

Baada ya tukio, wengi walikejeli ule msemo kwamba macho mengi huyafichua makosa. Mimi naona macho yalionewa, kwani yalikuwa yakisoma nakala isiyojengwa. Marekebisho yaliyofuata yanakubaliana na hilo: hoja ya kujenga moja kwa moja kutoka kwenye Git ilipata nguvu, na OpenSSH 9.8, Julai 2024, ikaanza kuiarifu systemd yenyewe bila kuihitaji libsystemd.

Ila kuna kitu kimoja kinachonitibulia hoja hiyo. Februari 2024 Jia Tan alibadilisha CMakeLists.txt, kwenye repo yenyewe, mchana kweupe. Humo mna programu ndogo ya kujaribu kama mashine ina Landlock, kinga ya Linux inayoifungia programu isiguse yasiyoihusu. Katikati ya programu hiyo, juu ya mstari wa void my_sandbox(void), paliongezwa mstari wenye nukta moja. Nukta si C, kwa hiyo jaribio linashindwa kukompaili kila mara, ujenzi unaamua kwamba Landlock haipo, na kinga inazimwa kimyakimya. Mwenye kutazama mabadiliko hayo anaona alama ya kujumlisha na nukta, kama uchafu kwenye kioo.

Haikuwa kwenye kifurushi peke yake. Ilikaa kwenye repo zaidi ya mwezi, wazi kwa kila mtu, mpaka Machi 30, siku moja baada ya tangazo la Freund, Collin alipoifuta.